Perez na Moto wa Mdomoni

Perez hakuwa na friji ya kuwekea samaki. Hakuwa na shamba. Hakuwa na mama wa kumuuliza mambo ya uzazi, maana mama yake alikuwa amefariki. Zaidi ya yote, hakuwa na mtoto. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Sasa ya pili ilikuwa imeanza kuonekana.

Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi pale Asembo Bay. Kwa miaka mingi alivuta sigara kama nyanya yake alivyomfundisha, upande unaowaka ukiwa ndani ya mdomo. Upepo wa ziwa haukuizima, na mikono yote miwili ilibaki huru kugeuza samaki.

Aliposhika mimba hii aliacha sigara, akaanza kunusa ugoro. "Hauna moshi," alijiambia. "Mtoto hataumia."

Siku moja Mama Winny, mhudumu wa afya wa kijiji, alimkuta akipiga chafya kando ya jiko la samaki.

"Una mafua, nyathina, mwanangu?"

Perez alisukuma mkebe wa ugoro ndani ya leso. "Ni moshi tu, Mama."

"Moshi gani huo unaofichwa kwenye leso?"

Calvince, mume wa Perez, alikuwa karibu akivuta sigara. Alicheka. "Leo umeshikwa!"

"Na wewe usicheke, Bwana. Moshi wako unamfikia mtoto."

"Mimi sina mimba, Mama."

"Huna. Lakini mkeo hana pua nyingine ya kupumulia."

Calvince akaizima sigara.

"Mimi niliacha," Perez alisema. "Huu ni ugoro tu."

"Ulifanya vizuri kuacha sigara. Lakini ugoro ni tumbaku ile ile. Una nikotini, inayoingia kwenye damu yako na kumfikia mtoto. Moshi wa sigara nao humpunguzia hewa. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo sana, au kabla ya wakati. Pengine mimba hutoka."

Perez aliangalia chini. "Basi yule wa kwanza nilimuua mimi?"

"Sijasema hivyo. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, na ya kwako hatuijui. Tumwangalie huyu."

"Sijachelewa?"

"Hapana. Ukiacha leo, itamsaidia. Hamu ikikujia, kunywa maji, tafuna karoti, tembea kidogo. Itapita. Na utoke kwenye moshi huu wa samaki. Kesho twende kliniki Kombewa, wakusaidie."

Haikuwa rahisi. Perez alikosa usingizi, akagombana na kila mtu. Siku moja alinusa ugoro wa jirani. Alikwenda mwenyewe kumwambia Mama Winny, huku akilia.

"Umeteleza tu," Mama Winny alisema. "Anza tena."

Calvince alichukua kazi ya kukausha samaki jikoni. Samaki wa kwanza waliungua.

"Bwana, leo unatuuzia makaa?" wanawake walimtania. Alicheka nao, akajifunza. Sigara naye akaiacha.

Perez alijifungua salama huko Kombewa. Alipata msichana mwenye uzito mzuri na sauti kubwa.

Mdogo wake, Lencer, alikuwa ameolewa Kisian. Alitaka mtoto, na alivuta sigara kwa mtindo ule ule wa nyanya yao. Simu yake aliishika mama mkwe. Kwa hiyo Perez alichukua karatasi, akaandika polepole:

"Lencer, mimi nilingoja mpaka nikashika mimba. Wewe usingoje. Acha sasa, kabla ya mimba. Ugoro usikudanganye. Ukishindwa peke yako, nenda kliniki, waambie ukweli."

Aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Kisha akampa mwanamke muuza samaki aliyekuwa akienda Kisian asubuhi hiyo.