Mpira wa Maji Baridi

Saa nne asubuhi soko la Birere lilikuwa limejaa. Zihindula alipenya katikati ya pikipiki na magunia, mkononi ameshika mpira uliopasuka wa pompi ya kusukuma maji. Alikuwa fundi wa jakuzi, yale mabeseni ya matajiri ya kuogea maji ya moto, na fundi hutembea na kipuri kibovu ili muuzaji apime sawa kwa sawa. Kwenye duka la nne alinyoosha mkono, akainua macho, akamwona Fabiola.

Fabiola alivaa kitenge cha kijani chenye ndege wekundu. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu siku ya mahari yake, baba yake alipokaa nyumbani Munigi na wageni hamsini, chakula kikapoa, na Zihindula, bwana harusi, hakutokea.

"Muzee, unatafuta nini?" Fabiola aliuliza, kana kwamba hamjui.

"Fabi."

"Hapa tunauza pompi. Fabi hauzwi."

"Natafuta mpira kama huu. Ni wa jakuzi ya Papa Mulumeoderhwa, kule Himbi. Siku ya Mungu, baada ya misa, ana wageni, anataka maji ya moto."

Fabiola alikuwa na mipira ya aina mbili, inafanana kama mapacha. Mmoja huvumilia maji ya moto. Mwingine ni wa maji baridi. Ukitiwa kwenye maji ya moto hulegea baada ya siku chache. Alifunga ule wa pili ndani ya gazeti.

Zihindula aliufungua, akaugusa kwa kidole gumba. Kisha akaufunga tena, akaenda.

Kesho yake Zihindula alimpigia simu.

"Umeuweka?" Fabiola aliuliza.

"Nimeuweka. Nimebadilisha pia chuma cha kupasha maji, chokaa ya maji ya ziwa ilikuwa imekimaliza. Sauti yako bado tamu, sheri, mpenzi."

"Usiniite sheri. Sheri alikufa Munigi, tulimulilia siku tatu."

Alikata simu, akatabasamu peke yake.

Siku ya Mungu Fabiola alivaa gauni jeusi na viatu virefu, akabeba ndoo ya dawa ya maji ambayo hakuna aliyeiagiza. Kwa Papa Mulumeoderhwa aliwakuta wageni wamesimama na taulo. Jakuzi ilikuwa nusu tupu, maji yanamwagika juu ya mawe meusi ya volkano. Mulumeoderhwa alikuwa na kaptula, tumbo nje.

"Nilitaka kukupa kazi ya nyumba zangu zote tano," alimwambia Zihindula. "Nani alikuuzia takataka hii?"

Zihindula alimwona Fabiola mlangoni.

"Hakuna mutu, Papa. Mimi ndiye nilichagua vibaya."

"Toka kwangu."

Wageni walicheka. Fundi aliokota funguo zake za kazi moja moja. Fabiola alikisikia kicheko kile chote, na kilikuwa kitamu.

Alimfuata hadi nje.

"Ulijua ni wa maji baridi?"

"Nilipougusa tu."

"Na ukauweka?"

"Ulitaka nichekwe wageni wakinitazama. Nilistahili."

"Kwa nini hukuja ile siku?"

"Niliogopa. Sina sababu ingine."

Fabiola alimtazama kuanzia viatu vilivyolowa hadi usoni. Bado alimpenda, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Wewe umeaibika nusu saa. Papa yangu aliaibika siku nzima. Jumamosi uende kwake, bila mjomba wa kukusemea."

Siku ya mahari bwana harusi hafungui mdomo. Wazee ndio husema.

"Peke yangu? Watanichana."

"Nitakuwa nyuma ya pazia. Nataka kusikia kila neno."

"Na akinifukuza?"

"Atakufukuza. Utarudi Jumamosi ingine."

"Mpaka lini, Fabi?"

"Mpaka nichoke kucheka. Halafu nitatoka nyuma ya pazia, nikae karibu yako."