Kapu la Malimbuko

Thuraiya alipoifungua laptop asubuhi ile, mwanawe hakuwa akicheka tena.

Nasema picha ya mwanawe. Ile aliyoiweka kwenye kioo cha laptop tangu Idd: Ruweida kasimama kwenye shamba la mikarafuu la bibi yake, gauni la kijani, ndara mpya, anacheka mpaka pengo lake la mbele liko nje. Jino lilikuwa limeng'oka mkesha wa Idd. Mtoto alilia weee, na kulipokucha akawa analionyesha pengo kwa kila mgeni kama zawadi aliyopewa. Kwa hiyo mama mtu alilijua pengo lile. Sasa mdomo wa kwenye picha ulikuwa umefumbwa, na macho hayakumtazama mpigaji. Thuraiya akajisemea kwamba siku ile walipiga picha nyingi, huenda hii ni nyingine. Akasonya, akaendelea kutunga maswali ya mtihani wa darasa lake.

Binadamu ndivyo tulivyo. Jambo likitupigia hodi, tunajifanya hatukusikia.

Ajabu yenyewe ilikuwa kwamba laptop imewaka. Siku chache nyuma Ruweida aliimwagia bilauri nzima ya maji, ikafanya tsss, ikazimika. Thuraiya akampigia simu mumewe, Soud, anayefanya kazi ya hoteli Unguja. Soud aliwahi kukaa barazani na mafundi wa kompyuta, basi tangu siku hiyo anajiona fundi mkuu.

"Usiiwashe," Soud akasema. "Chomoa chaja, ipindue maji yatoke. Halafu ifukie kwenye mchele. Mchele unavuta maji."

"Mchele gani, Baba Ruweida? Umebaki kibaba cha kula leo."

"Basi kitu chochote kikavu."

Kitu chochote kikavu! Mwambie hivyo mtu wa Ole, hapa Pemba, msimu wa karafuu, uone atakimbilia wapi. Hapa kwetu hata mtoto anajua karafuu kavu inavyokunywa maji. Ukiiacha karibu na mtungi inavimba. Ila zilizokuwa uani juu ya jamvi zilikuwa mbichi bado, zimeanikwa jana yake. Zilizokauka zikakauka kweli zilikuwa mahali pamoja tu: uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe wake, ndani ya kapu kubwa la ukindu lililofunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Bi Kazija mwenyewe hakuwepo, alikwenda Kengeja kumuuguza dada yake. Thuraiya akalivuta kapu, akaifukia laptop katikati ya karafuu kwa mikono yake miwili, akairudisha kawa juu yake.

Ilipokauka ikawaka, lakini kasoro zikaanza. Feni ilinguruma bila kazi yoyote, ikatulia, ikavuta tena taratibu, kama mtu aliyelala. Kioo kikiganda, hata ubonyeze nini hakisogei. Na hewa iliyotoka ubavuni ilinuka karafuu. Siyo harufu ile tunayoijua jamvini, bali ya zamani, kali, ina ubichi wa udongo ndani yake.

"Vumbi la karafuu limeingia kwenye feni," Soud akasema. "Pangusa kwa brashi ndogo. Halafu izime, uiwashe."

Akapangusa. Akazima, akawasha. Ruweida wa kwenye picha akawa kageuza uso, anaitazama mikarafuu.

Ikaganda tena. Akazima, akawasha. Sasa kageuza na bega.

"Soud, picha inageuka."

"Picha haigeuki, Thuraiya! Ndani mmeingia maji, inachanganyikiwa. Zima, washa. Mbona nyie mnapenda kumsingizia shetani kila kitu?"

Akazima, akawasha.

Na mtoto mwenyewe je? Ruweida, aliyekuwa akiimba toka anaamka mpaka analala, alinyamaza. Alikaa barazani kaelekeza uso shambani, na ukimwita, anageuka baada ya kitambo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Ngozi yake ilikuwa baridi kwenye jua la adhuhuri. Thuraiya alimpa dawa ya homa ingawa homa hakuna. Angefanya nini? Ndiye mtoto pekee aliyejaaliwa, baada ya mimba mbili kuharibika.

Mchana mmoja laptop iliganda, akabonyeza izime iwake upya, na mara akasikia kishindo nje. Akatoka mbio. Ruweida kaanguka chali, macho wazi, hapumui. Alimtikisa, akamwita, akapiga ukelele, lakini majirani wote walikuwa mashambani wanachuma. Mara ndani laptop ikalia ule mlio wake wa kuamka, na pale pale mtoto akavuta pumzi.

Thuraiya akarudi ndani, kambeba mwanawe. Kwenye kioo, gauni la kijani lilikuwa linaonekana kwa nyuma. Mtoto kawapa mgongo, na alikuwa ameshaipita mikarafuu ya mbele.

Bi Kazija alirejea alasiri hiyo. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Thuraiya, mbona nyumba yanuka namna vino?"

"Ni karafuu, mama."

"Karafuu naijua mie. Hino siyo ya kuanika."

Akapita moja kwa moja chumbani kwake. Lilisikika kapu likivutwa sakafuni. Alipotoka alikuwa kashika kawa mkononi, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa kusikiwa.

"Nani kalifunua kapu langu?"

"Mimi, mama. Laptop iliingia maji..."

"Umetoa nini?"

"Wallahi sikutoa hata chembe. Nilitia tu, nikatoa changu."

Bi Kazija akaketi pale pale chini. "Bora ungeliiba," akasema. "Bora ungelizimwaga zote chooni, mwanangu, tungelipa, yangelikwisha."

Ndipo akamweleza. Kila msimu, konzi ya kwanza ya karafuu za shamba lile haiuzwi. Hutiwa kapuni, ikafunikwa, ikawa yake mwenye shamba. Siyo mwenye shamba wa hati. Yule aliyekuwepo kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa, ambaye mama yake Bi Kazija alimwita Bwana na wala hakumtaja zaidi ya hapo. Kinachotiwa mle kimetolewa, na kilichotolewa hakirudi.

"Sasa niambie. Ulitia nini?"

"Laptop tu, mama."

"Na ndani ya laptop mna nani?"

Thuraiya aliigeuza laptop kumwonyesha, na hapo akili yake ikaelewa kile ambacho moyo ulikuwa umeshaelewa tangu asubuhi ile ya kwanza. Bi Kazija alilitazama lile gauni la kijani kati ya miti, akajipiga kifua.

Mzee Msellem, mganga wetu, aliitwa kabla jua halijatua. Mzee huyu kasoma, na majini aliowatoa watu wa Ole hawana hesabu. Alichoma ubani, akamlaza mtoto juu ya mswala, akasoma mpaka jasho likamtiririka kidevuni.

"Toka," akasema. "Mwache mtoto wa watu."

Ruweida akafumbua mdomo. Sauti ilikuwa ya mtu mzima na ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliotia baridi.

"Nitoke wapi, Msellem? Sikuingia. Nimeletewa."

"Utapewa ng'ombe."

"Ng'ombe sikuomba. Wala mtoto sikuomba. Nimepewa kwa mikono miwili, nikafunikiwa na kawa."

"Nichukue mie!" Bi Kazija akalia.

"Wewe, Kazija, utakuja mwenyewe."

Mzee Msellem akauzima ubani. Alimchukua Thuraiya pembeni, akamnong'oneza. "Jini mvamizi namtoa. Huyu hakuvamia, mwanangu, huyu kapewa, na aliyetoa ni mama. Mimi ni nani nimnyang'anye?" Kisha akauliza mtoto wa kwenye picha alifikaje mbali vile. Thuraiya akamweleza: kila akizima na kuwasha, anasogea hatua. Mzee akaitazama laptop inayonguruma.

"Basi usiizime tena," akasema. "Maadamu inawaka, hajafika."

Maana yake mnaiona. Kila zima-washa ile, ni yeye mama aliyemsukuma mwanawe mgongoni. Usiku huo Thuraiya aliichukia mikono yake hata kula nayo hakuweza.

Akaanza kazi ya kuilinda laptop mbovu. Aliinyanyua juu ya vijiwe viwili feni ipate hewa. Ilipochemka aliipepea kwa upepeo, akabadilisha mkono, akapepea. Kioo kikiganda alikiacha kigande. Shule hakwenda. Alikula pale pale, akasali pale pale, na pembeni yake Ruweida alilala mkekani macho wazi. Betri ilikuwa imeharibika tangu siku ya maji, ikichomolewa kwenye umeme haikai. Na umeme wetu tunaujua.

Ulikatika magharibi, adhana ikiwa katikati, feni ikashuka sauti na kioo kikafifia na Thuraiya akapiga ukelele wa kumwita Bi Kazija akimbilie dukani kwenye jenereta, na Bi Kazija akatoka bila viatu na kurudi akihema kwamba jenereta haina mafuta na mwenyewe kenda msikitini, na wakati huo Thuraiya kamshika mtoto kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine akimwambia Soud betri inakwisha, Soud, inakwisha, nifanye nini, na kule kwenye kioo, ambako picha haikuwahi kusogea mbele ya macho yake, gauni la kijani likaanza kutembea lenyewe, taratibu, likipita mkarafuu mmoja hadi mwingine, na mtoto aliyemkumbatia akazidi kuwa mzito na baridi, mpaka mle ndani ya miti mtoto akasimama, akageuka, akamtazama mama yake kwa macho yake mwenyewe ya siku zote, akafumbua mdomo wenye pengo kumwita.

Kioo kikazima.

"Usijali," Soud alikuwa akisema kwenye simu. "Umeme ukirudi, iwashe tu."

Umeme ulirudi baada ya isha. Laptop iliwaka upesi kuliko siku iliyotoka dukani. Feni kimya, haichemki, hainuki. Kwenye picha ilibaki mikarafuu mitupu, na chini, juu ya majani makavu, ndara moja ndogo.

"Mama!"

Ruweida alikuwa kasimama juu ya mkeka. Alikuja mbio, akamrukia, ana joto, ana nguvu, akaangua kicheko. Meno yote yalikuwepo. Meupe, yamejipanga, pengo hakuna. Bi Kazija akajifunika uso kwa kanga.

Soud alikuja Ijumaa. Alimbeba mwanawe, akaijaribu laptop, akafungua hiki na kile, akacheka. "Unaona? Haina tatizo lolote. Si nilikwambia ni kuzima na kuwasha tu?" Mtoto alikuwa kalaza kidevu begani kwake, anamtazama Thuraiya, anatabasamu.

Thuraiya amwambie nani? Humpikia mtoto, humsuka, humpeleka chuoni kusoma Kurani, na akiitwa mama, huitika. Ila laptop haizimi. Kaiweka dirishani, kioo kimeelekea shambani, kinawaka usiku na mchana, na kachukua betri ya gari kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Soud analalamika kwamba itaungua. Mwache alalamike. Mzee Msellem keshamwambia kwamba aliyefika kule harudi, na Thuraiya anamwamini. Lakini mwanawe alikuwa akiogopa giza.