Mbasa wa Mto Songwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tumpe alishuka mtoni na baba yake, Isakwisa, kumsaidia kutoa samaki kwenye wavu. Kijiji chao kiko Kyela, mkoani Mbeya, kando ya Mto Songwe. Ng'ambo ni Malawi. Mvua zikianza, samaki waitwao mbasa hutoka Ziwa Nyasa na kupanda mto kwenda kutaga mayai.

Siku hiyo wavu ulikuwa na mbasa mmoja tu, tena mdogo.

"Ni wale wa ng'ambo," Isakwisa alifoka. "Wamefunga mto kwa nyavu. Kesho na sisi tunafunga upande wetu."

"Sasa baba, mbasa watapita wapi kwenda kutaga?"

"Nikiwaacha mimi, Zabron na wenzake wa ng'ambo watawazoa wote. Nitakuwa nimepata nini?"

Tumpe aliona baba anasema kweli, lakini aliona pia kwamba samaki watakwisha. Njia nzima kichwa kilimzunguka.

Shuleni alimweleza Mwalimu Damari. Mwalimu alimimina maharage kwenye bakuli, akamketisha Tumpe na mwanafunzi mwenzake Lugano, akawaambia wafumbe macho.

"Choteni kwa pamoja, kila mmoja anavyotaka. Yatakayobaki nitayaongeza yawe maradufu, kisha mtachota tena."

Tumpe alihofia kwamba Lugano angeyamaliza, akazoa kwa mikono miwili. Lugano naye vivyo hivyo. Bakuli likabaki tupu.

"Mbona umezoa yote?" Tumpe aliuliza.

"Nilikuogopa wewe!"

"Na mimi nilikuogopa wewe!"

Darasa likacheka. Tumpe alizidi kuchanganyikiwa. Hakuna aliyetaka maharage yaishe, na bado yalikuwa yameisha.

Mwalimu akajaza tena bakuli. "Sasa fumbueni macho. Zungumzeni. Tutacheza mpaka kengele ilie."

Walikubaliana kuchota kidogo kidogo. Safari moja Lugano alichota zaidi. Mchoto uliofuata Tumpe naye akafanya hivyohivyo. Lugano akaomba radhi, wakarudi kwenye makubaliano yao. Kengele ilipolia, bakuli lilikuwa linamwagika.

Nyumbani Tumpe alisimulia yote. "Baba, ninyi na wa ng'ambo mmefumba macho."

"Watu si maharage, mwanangu," Isakwisa alijibu, akaendelea kushona wavu. Lakini asubuhi hakuutega. Alivuka kwa mtumbwi kwenda kwa Zabron.

"Karibu, ndugu yangu," Zabron alisema kwa mshangao. "Sisi tulisikia ninyi ndio mliotangulia kufunga mto!"

Wavuvi wa pande mbili wakakutana. Waliafikiana kwamba mpaka mbasa wamalize kutaga hakuna atakayetega mtoni, na kwamba watalinda mto pamoja. Upande mmoja ukivunja ahadi, wa pili nao utatega.

Haikupita wiki, wavu ukakutwa mtoni. Haukuwa wa Zabron. Ulikuwa wa Saulo, jirani wa akina Tumpe! Kesho yake watu wa ng'ambo wakatega nyavu zao. Tumpe hakujua tena amlaumu nani. Isakwisa akampeleka Saulo kuomba radhi, wavu wake ukaondolewa, na wa ng'ambo wakaondoa zao.

Msimu uliofuata mbasa walipanda mto kwa wingi mpaka watoto wakakimbilia ukingoni kuwatazama.

"Nilidhani Zabron ni adui," Isakwisa alimwambia binti yake. "Kumbe tulikuwa tunaogopana tu. Mnapotumia kitu pamoja, msikisie mwenzenu anawaza nini. Mfuateni, mzungumze, na mtimize ahadi yenu, kwa sababu kesho mtakutana tena palepale."