Kahawa ya Nahodha

Punje za kahawa zilimiminika kwenye kikapu kidogo, chwa, chwa, kabla hata jogoo hajawika. Evaresta akazizuia kwa kiganja, maana jirani wa chumba cha pili alikuwa na mtoto mchanga. Akakaa kitandani, akasimama, akakaa tena.

Siku hiyo Mwangaza, timu ya mji wa Kayanga, ingecheza na timu kutoka Nkwenda. Sare ingeiokoa; ikifungwa, ingeshuka daraja. Tangu masika haikuwa imeshinda, na mji mzima ulikuwa na swali moja: Gosbert aanze au awekwe benchi?

Gosbert alikuwa nahodha na kiungo tangu wenzake wengi wakiwa shule ya msingi. Alikuwa pia mpenzi wa Evaresta.

Walikutana stendi mwaka uliopita. Evaresta alishuka kwenye basi la Muleba na robota la mitumba, likamponyoka likaanguka matopeni. Watu wakacheka. Mwanamume mrefu mwenye jezi ya bluu iliyopauka akalibeba begani bila kuombwa.

"Dada, humu umefunga mtu?"

"Suruali tu. Ukichoka sema."

"Mimi nichoke? Hunijui wewe."

"Nitakujuaje, nimeshuka sasa hivi!"

Evaresta aliona anachechemea kidogo. Hakusema kitu; akapunguza mwendo, kana kwamba ni yeye aliyechoka.

Mapenzi yakakua, na Evaresta akachaguliwa katibu wa mashabiki. Huku mgeni hukaribishwa kwa punje kavu za kahawa za kutafuna, na Mwangaza walikuwa wameigeuza desturi hiyo kuwa yao. Kabla ya mechi katibu humpelekea nahodha kikapu, nahodha huchukua wa kwanza mbele ya watu wote, ndipo wengine wafuate.

Alhamisi, kwenye kikao cha kamati, kocha Projest alimgeukia Evaresta. "Wewe ndiye unayemkanda goti. Atamaliza mechi?"

"Hawezi, mwalimu. Nusu saa, labda."

Wakakubaliana kijana Elick aanze, na avae kitambaa cha unahodha.

"Nitamwambia Gosbert mimi mwenyewe," alisema Projest. "Wewe usijibebeshe mzigo huu."

Ijumaa jioni Projest alifika kweli kwa Gosbert, akamkuta anapiga mswaki viatu vya mpira huku akipiga mluzi. Akakosa ujasiri. Akanywa chai, akaaga.

Baadaye simu ya Evaresta ikalia.

"Mpenzi, goti limepoa kabisa. Kesho utaniona!"

Evaresta akadhani ameshaambiwa na anajikaza. "Una moyo mkubwa, Gosi wangu," alimwambia kwa upole. Gosbert akalala na furaha.

Basi Jumamosi uwanja ulijaa. Evaresta, katika kitenge cha njano, aliingia na kikapu. Gosbert alikuwa tayari amenyoosha mkono. Evaresta akampita, akasimama mbele ya Elick.

Kelele zikakatika. Mkono wa Gosbert ukabaki hewani.

"Dada Eva," Elick alinong'ona, "kaka yuko pale." Akakataa kuchukua.

Gosbert akamtazama kocha. Kocha akatazama nyasi. Hapo akaelewa.

"Chukua, mdogo wangu," alisema. Akavua kitambaa, akamfunga Elick mkononi mwenyewe, taratibu, asimbane. Kisha akaenda kukaa benchi.

Lakini hakutulia. Aliinuka, akakaa, akapiga kelele, "Elick, geuka! Kulia kwako!" Mwangaza wakafungwa moja. Mechi ilipokaribia kwisha, Projest akamwita. Gosbert akaingia, akagusa mpira mara chache tu, na mara moja kati ya hizo akauchomeka katikati ya mabeki wawili hadi miguuni kwa Elick. Bao!

Mji ukalipuka kwa furaha. Gosbert akapanda bodaboda, akaenda kijijini Nyabiyonza, kwa mama yake, bila kuaga.

Evaresta alipiga simu mpaka ikapokewa.

"Ningependa kusikia kutoka kwako," alisema Gosbert. "Siyo kutoka kwenye kikapu."

"Nilidhani mwalimu amekuambia!"

"Ukaniambia nina moyo mkubwa."

"Kwa sababu nilidhani unajua, Gosi!"

Simu ikakatwa.

Jumapili, baada ya ibada, Evaresta alikwenda kwa bodaboda Nyabiyonza, ambako hakuwahi kufika. Mvua iliwakuta njiani. Dereva akamvisha koti lake, yeye akaloa.

Mama yake Gosbert, Dafroza, alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, waitu, mwenzetu. Wewe ndiye uliyemruka mwanangu mbele za watu?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama akamtazama, akamsogezea kigoda karibu na moto. "Kaa ukauke. Kisu kile pale."

Wakamenya pamoja. Gosbert akatokea mlangoni, ameegemea fimbo.

"Umefuata nini?"

"Kuomba samahani. Kocha angeniuliza tena, ningejibu vilevile. Goti lako nalijua. Ila ningekuja kwako siku ileile, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Gosbert akaegemeza fimbo ukutani. "Nilikudanganya. Halikupoa hata kidogo."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Niliogopa. Nikikaa benchi, nani atanitazama tena?"

"Mimi nilikutazama wewe tu. Hata lile bao la kwanza sikuliona. Ulimfokea Elick mpaka sauti ikakukauka. Isikie ilivyo sasa."

Gosbert akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyepoteza sauti. "Projest alikuja asubuhi. Nusura alie. Anataka niwafundishe vijana."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitamuuliza mke wangu."

Kisu kikasimama. "Yupi huyo?"

"Nikiwatuma wazee kwenu Muleba, watapokewa?"

"Watapokewa. Na wewe njoo, ila kwa miguu miwili. Fimbo iache huku!"

"Loo, ndoa haijafungwa na ameshaanza amri!" alisema mama, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Jioni mama alimsindikiza Evaresta hadi barabarani, amembebea mkungu mdogo wa ndizi. Hakuwa na haraka ya kuuachia.

"Leo umemfuata huyo na goti lake," alisema. "Siku nyingine uje kwangu mimi, tukae tu. Utakuja lini, mwanangu?"