Kangambili wa Kabula

Limbu aliingia kwenye ghala la kupimia pamba mjini Bariadi akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Suti, ndani ya ghala la pamba! Alikuwa na duka la dawa za wadudu karibu na stendi, na alidhani wakulima waliojipanga na viroba vyao walikuja kumtazama yeye.

Mara akahisi mkono begani. Dada mmoja mrefu, mwenye gauni la kitenge cha kijani na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, alikuwa anaokota kitu kwenye kola yake.

"Usiwapige! Ni kangambili, wanapandana."

"Juu ya suti yangu?"

"Wao wameona kitambaa tu." Akamwonyesha wadudu wawili wekundu walioshikana nyuma kwa nyuma. "Huyu mkubwa ndiye jike. Anatembea mbele, dume anaburutwa kinyumenyume."

"Na dume anakubali?"

"Hata siku tatu."

Limbu alicheka, akaomba namba ya simu.

Dada huyo, Kabula, alikuwa mtafiti. Chumba kimoja cha nyumba aliyopanga kilijaa masanduku ya wavu yenye kangambili mia nne, kila mmoja na alama ya rangi mgongoni, ili ajue wanafuatana vipi na wanakimbia nini. Kwenye sinia alifuga ukungu wa ute, kitu cha njano kinachotambaa polepole kutafuta chakula. Ilikuwa kazi ya miezi kumi na moja, na bila hiyo shahada yake ya uzamivu ingekwama.

"Mpenzi, huo ute wako umeamka?" Limbu alimpigia kila asubuhi.

"Umeamka. Hauna ubongo, lakini ukishapita mahali pasipo na chakula haurudi tena."

"Mimi nikishapita kwako narudi kila siku."

"Ndiyo maana umekuzidi akili, baba."

Basi wakapendana. Hata wapumbavu hupendwa.

Kisha mama yake Limbu akasema atakuja Jumamosi kutoka Lagangabilili kumwona mchumba. Limbu akaanza kuona haya. Kabula alipokwenda Maswa kwa siku mbili, alimwachia ufunguo ili aunyunyizie ukungu maji. Bwana mkubwa akaja na bomba la mgongoni. Akapuliza dawa chumba kizima, akafagia, akaukwangua ute na kuutupa chooni, halafu akaweka maua ya plastiki.

Kabula alirudi Ijumaa, akampigia simu.

"Limbu, wadudu wangu wako wapi?"

"Nilifanya usafi, kipenzi. Mama asije akashtuka."

"Kumbe ulikuwa unanionea aibu."

"Hapana, jamani, mimi..."

"Mama mlete, sina ugomvi naye. Wewe na mimi tumemalizana."

Jumamosi mama yake Limbu, Mama Nyanjige, aliingia pamoja na mwanawe, amevaa kitenge kipya na kilemba cha zambarau. Kabula alipiga goti, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Haya, hao wadudu wako wapi? Nilisikia sokoni unawafuga. Miaka thelathini wananiharibia pamba, nataka uniambie mvua ikikatika wanajificha wapi. Hicho ndicho kilichonileta mbiombio."

Kabula alimtazama Limbu, wala hakumsaidia. Limbu angeweza kusema wamekufa kwa baridi, na mama yake angeamini. Uongo alishauandaa tangu jana, maana kwa hilo ni hodari. Jasho lilimtoka kwenye kola.

"Niliwaua mimi, mama. Kwa dawa ya dukani kwangu. Niliogopa utamdharau."

"Mimi?" Mama aliguna. "Miaka kumi nanunua dawa yako, kangambili wanaoga nayo tu. Leo ndiyo imefanya kazi!"

Kabula alicheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka. Limbu akapiga magoti na suti yake.

"Nisamehe, Kabula. Sijui nitakulipa nini."

"Huna cha kunilipa. Ni miezi kumi na moja." Alijifuta uso. "Kesho alfajiri nakwenda shambani kwa mama yako kuokota wengine. Naanza upya."

"Na mimi nije?"

Kabula alimtazama pale chini. Mwanaume mjinga, tena mwoga, na bado moyo wake ulimtaka. Hilo lilimuudhi kuliko wadudu waliokufa.

"Njoo," alisema. "Utabeba chupa, na hutagusa kitu mpaka nikwambie."