Sahihi ya Marehemu Gachanja

Kutoka Thika mpaka Ruiru hakuna hadithi ya upelelezi inayoishinda hii. Kweli, zile nyingine sikuzisikiliza mpaka mwisho, usingizi ulinichukua.

Jumatatu moja ya Machi 1958, saa tatu asubuhi, Zacharia, mwenye duka wa Ruiru, aliingia kwa Bi Amida bila hata kubisha hodi.

"Bi Amida, umeniuzia uongo!"

Bi Amida alikuwa dalali wa Majengo, Thika, mwanamke pekee mjini aliyeshika kengele ya mnada. Jumamosi alikuwa ameuza vitu vya ukumbusho wa marehemu Gachanja, mpiga kinanda cha kuvuta. Zama za uhai wake Gachanja, kinanda kikilia, hata wazee wenye baridi yabisi waliinuka kucheza mwomboko.

Zacharia alitupa mezani ganda la karatasi la santuri. Juu yake palikuwa na sahihi ya Gachanja. Aliyelileta mnadani ni Idah, mjane wa marehemu, apate kununua cherehani.

"Simeon, mtunza ukumbi wa ngoma wa hapa Thika, naye aliuza maganda matatu siku ile ile," Zacharia alisema. "Sahihi zake zimenyooka, utafikiri mkufu wa dhahabu. Angalia hii yangu! Imepinda kama njia ya mlevi, na hapa kalamu imetoboa karatasi. Simeon anasema mjane ameighushi. Ameshafika kwa chifu."

Kabla Bi Amida hajajibu, Koplo Dalmas alisimama mlangoni na Idah nyuma yake. Mfuko wa shati la koplo ulikuwa umebeba kibali cha Idah cha kukaa mjini. Miaka ile ya hali ya hatari, Mkikuyu asiye na kibali hakulala Thika, alirudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu.

"Chifu anasema anayeghushi mkono wa maiti hafai kukaa hapa," Dalmas alisema, macho chini. "Lori linaondoka kesho saa kumi jioni. Mwenye kumtetea amtetee kabla ya hapo."

Bi Amida alianza na aliye karibu. "Zacharia, nani anajua kama hili ndilo ganda ulilonunua? Labda ulilibadilisha njiani."

"Mimi? Ngai! Nibadilishe kitu nilichonunua kwa jasho langu?"

"Idah, ganda lako lilikuwa na alama gani?"

"Pembeni kuna moshi wa taa," Idah alisema. "Nililiegemeza karibu na koroboi."

Bi Amida aligeuza ganda. Doa la moshi lilikuwepo, jeusi kama wanja. Zacharia akashusha pumzi.

"Sasa wewe, Idah mwanangu. Niambie mimi kabla hujamwambia chifu. Uliandika wewe?"

"Bi Amida, ningeandika mimi, si ningeandika vizuri?"

Koplo alikohoa kuficha kicheko.

"Aliniandikia Ruiru kwa ngoma," Idah aliendelea, "kabla hajanioa, hata simjui. Tulikuwa na jirani yetu, Gerishon, yule anapakia kahawa. Muulize. Alikuwa hapo karibu sana, karibu kuliko mimi."

Basi la saa nane lilimfikisha Bi Amida Ruiru. Alimkuta Gerishon kwenye shamba la kahawa, gunia begani, naye hakulitua mpaka aliposikia jina la Gachanja.

"Nakumbuka sana, mama. Ile sahihi ya Idah iliandikwa kwa mgongo wangu."

"Mgongo?"

"Eh! Wewe hujui? Kuna harusi moja mtu alikanyaga kinanda chake, kikapasuka. Tangu siku hiyo hakukiweka chini tena. Hata chakula alikula kikiwa kifuani! Ukitaka sahihi, anakuambia, 'Inama.' Anaweka karatasi mgongoni, anaandika. Na alikuwa na mkono mzito huyo! Kalamu ilichoma kama sindano ya daktari."

"Uliona akiandika?"

"Nilichoona ni vidole vya miguu yangu," Gerishon alisema. "Viwili vilikuwa na funza."

Bi Amida alicheka mpaka akashika mti wa kahawa. Kisha akaacha kucheka ghafla, akamwomba Gerishon aje Thika kesho yake.

Jumanne asubuhi aliwazungukia walionunua maganda ya Simeon, akayaazima yote matatu. Saa tisa alasiri wote walikuwa ukumbini. Idah alikaa na kifurushi chake mapajani, tayari kwa lori. Kila gari lilipopita barabarani, alishtuka.

Ukutani lilibaki tangazo la zamani la ngoma, lililopigwa chapa Nairobi, na jina la Gachanja chini yake kwa mwandiko wa madaha. Bi Amida alilibandua, akaliweka kwenye kioo cha dirisha, kisha akalaza juu yake ganda moja la Simeon. Jua lilipenya. Mstari uliangukia mstari. Akaweka la pili, halafu la tatu. Hakuna uliopita pembeni hata kwa unywele.

"Bwana Simeon," alisema, "mimi hupika chapati kila siku kwa mkono huu huu, na hakuna mbili zinazofanana. Gachanja alifanyaje?"

Simeon, mwenye tai na nywele zilizopakwa mafuta, alitabasamu. "Mtu aliyesoma, mkono wake haubadiliki."

"Huo mkono si wake!" Idah aliinuka. "Ni wa mpiga chapa. Marehemu alipouona alicheka, akasema, 'Haiya, nani huyu ananiandikia jina langu vizuri hivi?'"

"Mjane anajitetea," Simeon alisema. "Mimi niliona! Nilisimama mbele yake, hapa hapa, nikaiona kalamu kutoka herufi ya kwanza mpaka mkia wa mwisho. Mara zote tatu, kwa macho yangu."

"Koplo, umesikia?"

"Nimesikia, Bi Amida."

"Gerishon, waambie."

Gerishon alieleza yale ya kinanda na yale ya migongo. Ya funza aliyaruka kwa sababu ya wageni. Nyuma ya ukumbi watu wawili watatu walianza kujishika viuno: "Kweli kabisa! Hata mimi aliniinamisha!"

Simeon alilegeza tai. Macho yake yalikimbia kutoka kwa Gerishon hadi kwa koplo, kisha uso ukang'aa.

"Ah, ndiyo! Nilisahau kusema. Alitumia mgongo wangu. Mimi niliinama, akaandika zote tatu."

"Mgongo wako wewe?"

"Wangu kabisa."

Bi Amida alitikisa kichwa polepole. "Zacharia ameniambia umewaahidi wenye maduka wa Ruiru maganda mengine. Sahihi ya Idah ikikubalika, watu watauliza kwa nini zako haziko hivyo. Ndiyo maana ulikimbilia kwa chifu kwanza. Lakini labda nakusingizia. Inama."

"Niiname?"

"Inama, bwana," alisema Koplo Dalmas.

Simeon aliinama. Bi Amida alilaza karatasi juu ya koti lake, akatoa kalamu, akaipitisha juu yake kwa kukandamiza, taratibu, mpaka mkia wa mwisho.

"Haya. Uliona sahihi tatu kwa macho yako ukiwa umeinama. Ya nne haitakushinda. Nimeandika nini?"

Nje lori lilipiga honi. Idah hakushtuka safari hii. Koplo Dalmas alikuwa ametoa kibali mfukoni na kukiweka kiganjani mwa Idah, naye alikifumbata, akaegemea ukuta na kupumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kifurushi kilianguka, hakuna aliyekiokota.

"Simeon, tunakungoja."

"Amida," Simeon alisema, uso ukielekea sakafuni. "Umeandika jina lako. Nimeliona vizuri sana."

Bi Amida aliinua karatasi, akawageuzia watu. Ilikuwa nyeupe. Kalamu ilikuwa bado na kifuniko chake.