Daftari la Vichupo

Asubuhi ile kliniki ya meno ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Watu wameshika mashavu, kila mmoja na maumivu yake, na hapo ndipo kompyuta ya mapokezi ilipoanza kupiga kelele: "Magodoro! Magodoro laini! Lala kama mfalme!"

Karani aliruka kitini. Alikuwa binti mrefu, mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni na hereni ndogo za shanga. Alifunga ukurasa mmoja. Magodoro. Akafunga wa pili. Magodoro bado. Juu ya kioo, vichupo vya kurasa zote alizofungua tangu wiki iliyopita vilibanana, vyembamba kama meno ya kitana, hata majina yake hayasomeki.

"Dada, sisi tunaumwa, nani kakwambia tuna usingizi?" mzee mmoja alifoka.

Kijana mmoja akainuka kwenye benchi. Shati jeupe limenyooka kwa pasi, shavu la kushoto limevimba kama kaficha chungwa.

"Tafufa kifpika," alisema.

"Nini, kaka?"

Akainama juu ya kaunta akaonyesha kwa kidole. Kwenye kichupo kimoja palikuwa na alama ndogo ya spika. "Huyo ndiye mpiga kelele. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kunyamazisha." Maneno yalitoka kama mtu anayetafuna sufi, lakini karani alielewa. Magodoro yakanyamaza, na benchi zima likashusha pumzi.

"Wewe ni malaika au nani?"

"Fundi kompyuta," alijibu. "Ila leo ni jino tu. Vyote hivyo umefungua vya nini?"

"Nikifunga kimoja naogopa sitakiona tena."

Fundi alicheka, akajuta, akashika shavu. Alipotoka kwa daktari, nusu ya mdomo imekufa ganzi, aliacha namba yake kwenye kipande cha karatasi.

Simu ya kwanza ilikuja siku ya tatu.

"Fundi! Nimefunga ratiba ya wiki nzima kwa bahati mbaya!"

"Usilie. Shika Ctrl na Shift pamoja, usiachie. Gonga T."

Vitufe vikalia. Kisha ukelele. "Imerudi! Wewe mchawi wewe!"

"Mchawi ana njaa. Wewe unakula saa ngapi mchana?"

Wakaanza kula pamoja kwenye ngazi za nyuma ya kliniki. Na simu hazikukoma. Kompyuta nzito, akamwelekeza namna ya kukijua kichupo kilafi kinachomaliza nguvu za vingine. Ukurasa umepotea katikati ya wengine, akamwonyesha pa kuutafuta. Mara nyingine tatizo lilikwisha kwa dakika moja na maongezi yakaendelea arobaini.

"Kitendawili," karani alimwambia siku moja kwenye simu.

"Tega."

"Wanangu wamekaa benchi moja. Akiongezeka mmoja, wote wanakonda."

Fundi akawaza, akawaza. "Nimeshindwa."

"Aibu! Nipe mji."

"Chukua mji wowote, mpenzi, ila unibakizie chumba kimoja humo."

Karani alikata simu kwa haya, halafu akapiga tena kumpa jibu: "Vichupo!"

Basi huyu fundi alikuwa na ugonjwa mmoja: mapenzi yake yote yalikuwa mikononi, mdomoni yanafika kwa utani tu. Alijua jinsi karani anavyoona aibu kukwama mbele ya wagonjwa. Kwa hiyo Ijumaa moja alikuja mapema, akavibandika vichupo muhimu upande wa kushoto visifungike ovyo, akakiweka kivinjari kifunguke kila asubuhi pale kilipoachwa jana. Kisha akampa daftari jekundu aliloliandika mwezi mzima, kila kosa na dawa yake, akaondoka mbio kabla hajatazamwa usoni.

Karani alikuwa na tabia ya kuanza vitabu mwisho. Ukurasa wa mwisho uliandikwa: "Sasa hutahitaji kunipigia tena."

Jioni alimwonyesha shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye.

"Huenda alikuwa na maana nyingine, shangazi."

"Maana ipi, mwanangu? Unataka akuchoree na picha?"

Karani akalifungia daftari kwenye droo ya kazini na hakupiga simu. Huko karakana, fundi aliiweka simu mezani kifudifudi, akaigeuza, akaifunika tena. Siku tano. Siku kumi. "Kumbe alikuwa anavitaka vichupo," alijisemea, "mimi nilikuwa bisibisi tu." Naye hakupiga.

Wiki ya tatu uvumilivu ulimwisha karani. Akaamua kuiharibu kompyuta kidogo, apate sababu. Alifungua kurasa hamsini, mashine ikaganda. Akalitoa daftari kuhakikisha kwamba hilo halimo. Limo, ukurasa wa tisa, na pembeni kwa kalamu ya bluu: "Ulipiga Jumanne, mvua inanyesha. Ulisema una njaa na miguu imelowa."

Akageuza ukurasa. "Hapa ulicheka mpaka ukakohoa."

Mwingine. "Siku hii ulikuwa na huzuni. Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

Kila kosa lilikuwa na siku yake, na kila siku alikuwamo yeye. Karani alisoma mpaka herufi zikaanza kuogelea machoni. Akaizindua mashine kwa maelekezo ya ukurasa wa tisa, kisha akapiga.

"Haloo?" Sauti ya fundi ilikuwa kavu. "Nini kimeharibika?"

"Hakuna."

"Sasa...?"

"Kuna tatizo hukuliandika. Nataka kukupigia na kila kitu ni kizima. Nibonyeze wapi?"

Upande wa pili kitu kilianguka chini, pengine kiti. "Hilo sikuliandika," fundi alisema polepole. "Sikujua kama lipo. Nilidhani nakupunguzia mzigo."

"Mzigo? Ulichonipunguzia ni wewe mwenyewe, mjinga wangu! Njoo. Na uache mfuko wa vifaa huko huko."

Alifika akihema, shati limechomoka upande mmoja, mikono mitupu haijui pa kukaa. Kliniki ilikuwa imejaa vilevile. Akasimama mbele ya kaunta.

"Mpenzi, shangazi yako hupokea wageni siku gani? Nataka kuleta wazee wangu."

Karani alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mjibu, binti!" mama mmoja aliyefunga kitambaa kidevuni alipaza sauti. "Wengine huku meno yanatuua!"

"Jumapili," karani alisema huku anacheka na kulia. "Jumapili saa kumi. Na mama yako akae mbele, nataka nimwamkie wa kwanza."

Wagonjwa wakapiga makofi, kila mmoja kwa mkono mmoja pajani, maana wa pili ulikuwa shavuni.